Shauri Lisilopimwa ni Lumbesa

Kila mtu wa Kariakoo aijua lumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezewa kilemba juu na kufungwa kwa kamba, nalo bado huitwa gunia moja. Sheria yakataza, lakini mkulima aliyetoka mbali na vitunguu vyake hana mizani, na asiye na mizani hana neno. Hasara ya lumbesa humwangukia daima yule asiyepima.

Sisi twasema: shauri la serikali lililokatwa bila hesabu nalo ni lumbesa, na mwenye kubeba kile kilemba ni mwananchi.

Wapo watakaoguna, "Takwimu ni mambo ya wataalamu na wageni. Kiongozi awajua watu wake." Ndugu, maneno ya namna hiyo nchi hii imekwisha kuyalipia. Mwaka 1946 Waingereza walimtuma Bwana Wakefield na wenzake kutafuta mahali pa kulima karanga. Walizunguka wiki 9 tu, wakarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3. Kule Kongwa mvua ikawanyima, na udongo wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama saruji. Mgogo yeyote angaliwaambia habari za ukame ule kama wangalimwuliza. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikawa zimekwenda na upepo. Basi tusidanganyane: ujinga hauna rangi, na hesabu vile vile haina rangi.

Sasa tazameni kazi ya watu wetu wenyewe. Katika miaka ya 1990 Wizara yetu ya Afya, ikisaidiwa na Kanada, ilianza jaribio katika wilaya za Morogoro na Rufiji. Watu walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza: nani amefariki humu, na ugonjwa ulimwanzaje? Hesabu ilipojumlishwa Morogoro, ilionekana kwamba malaria peke yake ilichukua kama asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyokuwa ikipotea, lakini bajeti ya afya ya mwaka 1996 iliitengea malaria asilimia 5 tu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hakuna aliyekuwa amepima. Halmashauri zikageuza mgawo wao, zikaongezewa fedha kidogo sana, na Rufiji vifo vya watoto wachanga na wadogo vikashuka kwa zaidi ya theluthi moja katika miaka michache. Watoto wale leo ni vijana. Huenda mmoja wao ndiye aliyekusukumia mkokoteni asubuhi hii pale Msimbazi.

Ikiwa hesabu yaweza kuokoa watoto, kwa nini iogopwe? Nayo imeogopwa. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa hata mtu akitangaza takwimu za kupingana na zile rasmi aliweza kufungwa miaka 3. Kelele zilipigwa ndani na nje, na mwaka 2019 kifungu kile kikalegezwa. Mwisho wa Aprili 2020 hesabu ya wagonjwa wa UVIKO ikanyamazishwa kwa zaidi ya mwaka, ingawa Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza Aprili 2021 kuunda kamati ya wataalamu. Ugonjwa haukungoja ruhusa ya kutangazwa. Ulipita mitaani usiohesabiwa, nasi tukazika tusijue twazika wangapi.

Na hapa kwetu je? Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, likaua watu 36. Miaka 11 ikapita. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa likaanguka hapa Kariakoo watu wakiwa dukani, likaua zaidi ya 20. Ndipo Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alipounda timu ya watu 19 kukagua majengo ya Kariakoo. Twaisifu kazi ya kukagua, lakini twauliza: miaka 11 yote ile ilikuwa ya nini? Ukaguzi ungaliwafaa marehemu kabla ya Novemba.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na katika mkoa wetu 5,383,728. Ilihesabu na majengo, zaidi ya milioni 14. Serikali yaweza kuhesabu! Isituambie kwamba majengo ya Kariakoo ni mengi mno. Mama auzaye vitenge chini ya ghorofa ana haki ya kujua kama nguzo iliyo juu ya kichwa chake imepimwa, lini, na nani. Wengine wasema kutangaza kutaleta hofu na kuharibu biashara. Biashara gani ishindayo kifusi? Mwenye jengo zima hana la kuogopa. Mwenye jengo bovu ndiye anayeombewa siri hiyo, na kodi ya pango tunamlipa sisi.

Twataka mambo matatu. Kwanza, matokeo ya ukaguzi yabandikwe ofisi ya kila kata, kwa Kiswahili, jengo kwa jengo. Pili, halmashauri ikikata shauri la fedha zetu, isome mbele ya watu hesabu iliyoitegemea. Tatu, mwananchi akileta hesabu yake, ajibiwe kwa hesabu, asijibiwe kwa polisi.

Nasi wanachama tujisute. Mara ngapi tumesimama jukwaani tukataja "maelfu" tusiowahesabu? Kila tawi lianze na mtaa wake: visima vingapi, mitaro mingapi iliyoziba, watoto wangapi hawana dawati. Tuandike kwenye daftari, tuweke tarehe, tuipeleke kwa diwani, na nakala ibaki tawini. Wazee walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nchi ni mali yetu kubwa kuliko zote. Tudai mizani, na mizani ikipatikana, tusimame karibu tuisome sote.