Hesabu Zetu Zisipotee Njiani



Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulioni kwa macho, lakini linagusa mfuko wa kila mtu. Ni jambo la kazi za zamani za kuhamisha data katika kompyuta za afisi, na namna kazi hizo zinavyopelekwa katika seva mpya. Wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya mafundi wa kompyuta. Sisi watu wa njia, wa karakana na wa stoo yanatuhusu nini?" Jibu letu ni fupi. Mshahara wako, akiba yako ya ushirika, miaka yako ya kazi na ada ya chama hiki, vyote hupita huko.

Kwanza tueleze kazi hizo ni nini. Saa zako za kazi huandikwa mahali pamoja, na mshahara hupigwa hesabu mahali pengine. Kisha orodha ya malipo hupelekwa benki, makato hupelekwa ushirika, NSSF na bima ya afya, na ada huletwa chamani. Zamani karani alichukua kitabu cha meza hii akanakili katika kitabu cha meza ile. Siku hizi kompyuta hunakili usiku, watu wamelala. Maagizo yanayoiambia kompyuta "chukua faili hii, panga safu hizi, acha mistari hii, peleka pale saa nane ya usiku" ndiyo kazi ya kuhamisha data. Ni karani asiyelala. Lakini karani huyu hajiulizi neno. Hufanya lile aliloandikiwa tu.

Afisi nyingi ulimwenguni ziliandika maagizo hayo kwa chombo cha kampuni ya Microsoft kiitwacho Data Transformation Services, kwa kifupi DTS. Chombo hicho kilikuja pamoja na SQL Server 7.0 mwaka 1998, kikaendelea katika SQL Server 2000. Kila fungu la maagizo liliitwa pakiti. Mwaka 2005 kampuni ikaleta chombo kingine, Integration Services, kichukue mahali pake. Pakiti za zamani ziliachiwa nafasi katika SQL Server za 2005, 2008 na 2008 R2, kama mgeni anayevumiliwa. Ilipokuja SQL Server 2012 mlango ukafungwa. DTS haiendeshwi tena humo, na hata programu ya kusaidia kuzigeuza pakiti zake ikaondolewa. Seva za zamani nazo zimeachwa bila matengenezo: msaada wa SQL Server 2000 ulikwisha tarehe 9 Aprili 2013, na ule wa SQL Server 2008 ukaisha tarehe 9 Julai 2019.

Kwa hiyo hatusemi waajiri wasihame. Seva ambayo mtengenezaji wake ameacha kuziba nyufa zake ni mlango wazi kwa mwizi, na ndani yake mna majina yetu, namba zetu za vitambulisho na akaunti zetu za benki. Kuhama ni lazima. Swali ni kuhama kwa namna gani, na nani ahesabu mzigo.

Sisi watu wa reli twajua maana ya kuvusha mzigo. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, ina upana wa milimita 1,000. Reli mpya iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 ina upana wa milimita 1,435. Behewa la njia hii haliwezi kukanyaga njia ile. Mahali njia hizo mbili zinapokutana sharti mzigo ushushwe huku upakiwe kule. Wala hakuna karani wa mizigo mwenye akili atakayeandika "mzigo umevuka" kwa sababu tu winchi imesimama. Huhesabu upande huu, huhesabu upande ule, hesabu zikilingana ndipo hutia sahihi. Pakiti ya DTS ni behewa la njia nyembamba. Haivutwi mpaka seva mpya ikaenda tu. Mzigo wake sharti uvushwe na uhesabiwe.

Sasa tutaje mahali mzigo unapopotea, ili kila mjumbe wa tawi ajue la kuuliza.

La kwanza ni pakiti iliyogeuzwa nusu. Ile programu ya kugeuza iliyokuwa katika SQL Server za 2005 na 2008 haikugeuza kila kitu. Kazi nyingine ngumu haikuzifumua. Ilizifunga tu ndani ya pakiti mpya, DTS ingali mle mle. Mwenye kutazama nje aliona pakiti mpya akasema tumehama, kumbe amebeba sanduku bila kulifungua. Siku ya kwenda 2012 sanduku likakataa. Tena kuna maagizo madogo yaliyoandikwa kwa VBScript ndani ya pakiti, na yale yaliyoshika viungo vya DTS yenyewe hayafanyi kazi baada ya kugeuzwa. Maagizo madogo hayo si ya kudharauliwa. Ndimo karani wa miaka ile alimoweza kuandika posho ya zamu ya usiku, au malipo ya sikukuu tuliyopatana. Yakipotea, mapatano yetu yamefutwa bila mtu kuketi mezani.

La pili ni neno la siri. Pakiti ya Integration Services, isipobadilishwa, hufunga maneno ya siri kwa ufunguo wa mtu aliyeitengeneza. Fundi akiijaribu mchana kwa jina lake, inakwenda vizuri. Usiku seva ikiiendesha kwa jina jingine, haiwezi kufungua, nayo hukwama. Asubuhi fundi husema, "Kwangu ilikwenda." Asema kweli. Lakini benki haikupata orodha, na mtoto wa mwenzetu amerudishwa nyumbani kwa karo.

La tatu ni faili zisizosomeka. DTS ilikuwa chombo cha biti 32. Seva mpya, kuanzia SQL Server 2016, ni za biti 64 tu. Ile programu ya zamani ya kusomea faili za Excel na Access, iitwayo Jet, haina ya biti 64. Basi ikiwa stesheni zenu huleta saa za ziada kwa faili za Excel, ulizeni mapema: zitasomwa na nini?

La nne ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halipigi kelele. Namba ya kazi 00417 ikisomwa kama hesabu ya kawaida hugeuka 417. Pesa imekatwa, lakini ushirika haumwoni mwenyewe. Tarehe 03/04/1998 kwetu ni 3 Aprili, na kwa Mmarekani ni 4 Machi. Seva iliyopangwa kwa desturi ya Marekani itaigeuza bila kuuliza, na miaka ya kazi ya mtu itahesabiwa kwa tarehe ya uongo. Na faili ikija tupu, kazi inaweza kuisoma, isikute hata mstari mmoja, kisha ikaandika kwamba imefaulu. Ndugu, mashine husema "nimemaliza." Haisemi "nimefanya sawa." Kati ya maneno hayo mawili ndimo jasho letu linamoweza kupotea.

Asidhani mtu kwamba twatisha watu bure. Tazameni nchi tajiri ya Kanada. Mwaka 2016 Serikali yake ilihamisha mishahara ya watumishi wake kutoka mtambo wa miaka 40 kwenda mtambo mpya ulioitwa Phoenix. Huo haukuwa mhamo wa pakiti za DTS. Ulikuwa mkubwa zaidi, lakini njia ni ile ile: hesabu za zamani kuvushwa katika mashine mpya. Watumishi wa umma wapatao 290,000 walihusika. Kabla ya kuhama, Serikali iliondoa nafasi za makarani wa mishahara 1,200 na kuweka nafasi 550 katika mji mmoja, Miramichi. Jaribio dogo lililokuwa limepangwa likafutwa ili kuokoa muda na fedha. Mtambo ulipowashwa, wako waliolipwa pungufu, wako waliolipwa kupita kiasi ambao baadaye walidaiwa, na wako ambao hawakulipwa kabisa. Mwaka 2018 Mkaguzi Mkuu wa nchi ile aliandika kwamba kushindwa huko kwa usimamizi hakueleweki. Fedha zilizotafutwa kuokolewa ziligeuka hasara kubwa.

Katika habari hiyo twaona somo lililo zito kuliko yote. Waliokuwa wakijua hesabu za zamani waliondolewa kwanza, ndipo hesabu zikahamishwa. Hapo ndipo chama kinapoingia. Pakiti ya zamani mara nyingi haina kitabu cha maelezo. Maelezo yake yamo kichwani mwa karani aliyekaa hapo miaka 20, anayejua kwa nini mstari ule huachwa na kwa nini karakana fulani hupewa safu yake peke yake. Mwajiri anayemwambia karani huyo, "Mashine mpya imekuja, wewe nenda," ametupa hati ya mizigo kabla behewa halijafunguliwa. Wazee wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Walisema tena, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 20, yampa mfanya kazi haki ya kupewa maandishi yanayoonyesha mshahara wake na kila kato. Kifungu cha 40 chataka mwajiri anayekusudia kupunguza watu akiarifu chama chao na afisa wa kazi, akieleza sababu na kadiri yake, si chini ya mwezi mmoja kabla. Kuleta seva mpya hakufuti kifungu hicho. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yampa kila mtu haki ya kuona habari zake zilizowekwa na kutaka zilizo za uongo zisahihishwe.

Kwa hiyo, po pote mwajiri atakapotangaza kuhamisha kazi hizi, twasema chama kiweke madai haya mezani:

1. Iandikwe orodha ya kila kazi ya kuhamisha data inayogusa mshahara, makato na miaka ya kazi: yatoka wapi, yaenda wapi, saa ngapi, na kwa kanuni gani. Wajumbe wetu waisome karibu na mapatano yetu.

2. Seva ya zamani na mpya ziendeshwe sambamba kwa miezi miwili ya mishahara isiyopungua. Idadi ya watu na jumla ya shilingi zilinganishwe pande zote mbili, si neno "imefaulu" peke yake.

3. Majaribio yafanywe usiku, kwa jina lile lile ambalo seva itatumia, si kwa jina la fundi.

4. Asiondolewe karani ye yote anayezijua kazi za zamani mpaka hesabu zimelingana na kutiwa sahihi. Naye afundishwe chombo kipya. Aliyeweza kupanga pakiti za DTS aweza kujifunza Integration Services.

5. Seva ya zamani isitupwe siku ile ile. Itengwe na mtandao, ihifadhiwe, ili mtu akidai haki yake iwepo ya kutazama.

6. Kosa likitokea, mfanya kazi aliyepunjwa alipwe kwanza, uchunguzi ufuate. Aliyezidishiwa asikatwe kwa mkupuo mmoja.

Wala tusiwafanye mafundi wa kompyuta kuwa adui. Wengi wao ni vibarua wa mkataba wanaoharakishwa kama sisi, huambiwa wamalize wiki mbili kazi ya miezi sita. Fundi akisema anahitaji muda zaidi, chama kimuunge mkono. Muda wake ni ulinzi wa mshahara wetu.

Nawe mwanachama una kazi yako, tena si ngumu. Weka hati zako za mshahara, usizitupe. Kabla ya kuhama, andika namba yako ya kazi, tarehe uliyoajiriwa, jumla ya akiba yako na siku zako za likizo zilizobaki. Baada ya kuhama, linganisha moja moja. Ukiona tofauti hata ya shilingi 10, usinyamaze wala usiseme ni kidogo. Kosa la mashine likimpata mmoja, huenda limewapata mia. Mpelekee mjumbe wa tawi lako kwa maandishi, naye alete kwa Katibu wiki hiyo hiyo.

Matawi ambayo waajiri wao wamekwisha kutangaza mhamo wa seva yatuarifu kabla ya mkutano ujao wa Halmashauri, yakitaja siku iliyowekwa na kama makarani wameambiwa lo lote juu ya nafasi zao.

Umoja ni nguvu.