Watu wa Kyuso, Chuo Kimetufuata Nyumbani

Ndugu zangu wa Kyuso, sokoni husemwa kila mara: fulani ana akili, ila wakati wake wa kusoma umekwisha. Aliolewa mapema, au karo ilimshinda, au ilimbidi atafute kibarua awalishe wadogo zake. Maneno haya tuyakomeshe, maana si ya kweli.

Waingereza waliyakataa mwaka 1969 walipoanzisha Open University, chuo kisichomdai mwombaji cheti cha sekondari. Mwaka 1971 wanafunzi wake wa kwanza walianza kusoma majumbani, kwa posta, redio na televisheni. Afrika Kusini ilikuwa imetangulia: chuo kikuu chake cha UNISA kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946, na ndiko Nelson Mandela alikopatia shahada ya sheria mwaka 1989, angali mfungwa. Tanzania ikaunda Chuo Kikuu Huria kwa sheria ya mwaka 1992. Sisi tulichelewa, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake Agosti 2023, makao yake Konza, kwa jirani zetu wa Makueni, na masomo yake hutolewa kwa intaneti.

Basi mwenye duka na mama wa watoto watatu waweza kusoma bila kuhama. Lakini tusidanganyane: huria si rahisi. Hakuna kengele wala mwalimu wa kukufuata, na kote duniani wengi huachia njiani. Mkulima wetu wa ndengu hangoji mvua ya Novemba inyeshe ndipo atafute mbegu. Nawe panga saa zako na akiba yako kabla hujajiandikisha.

Jamaa nao wana wajibu. Mume, mpokee mkeo kazi za jioni apate kusoma. Mzee, usimcheke mtu mzima mwenye daftari. Kaunti nayo itupe hapa Kyuso chumba chenye umeme wa jua na intaneti, kifunguliwe hadi usiku.

Na wakuu wa elimu Nairobi wasikie: kwa shahada bado anaulizwa mtu C+ ya KCSE, au stashahada. Huo ni mlango wenye komeo. Aliyekosa alama hizo aruhusiwe kuanza na kozi fupi, akifaulu, apandishwe.

Elimu haina mwisho. Uliyeacha shule ukiwa na hamu, ulizia masomo msimu huu huu; nawe mwenye uwezo, mchangie mwenzako karo ya muhula wa kwanza.