Ulinzi wa dakika za lala salama: Somo la Kigoma kwa walimu wa soka nchini

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

UWANJA wa Lake Tanganyika mjini hapa umekwisha kushuhudia zaidi ya mara moja jambo linalowaumiza vichwa walimu wa soka kote duniani: timu iliyolinda lango lake kwa nidhamu kubwa huanguka wakati mchezo ukielekea ukingoni.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam iliyochezwa Julai 25, 2021, pale watani wa jadi, Simba na Yanga, walipoufuata mji huu wa mwisho wa reli. Yanga ilibaki na wachezaji 10 kabla ya mapumziko, baada ya kiungo wake Mukoko Tonombe kuonyeshwa kadi nyekundu. Tangu hapo kazi yake kubwa ikawa moja, nayo ni kuzuia.

Ilizuia kwa zaidi ya nusu saa. Zikiwa zimesalia takriban dakika 10, Simba ilipata kona, Luis Miquissone akaichonga, na kiungo Taddeo Lwanga akaujaza mpira wavuni kwa kichwa. Bao hilo pekee ndilo lililoamua bingwa.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kama timu iliyo katika hali hiyo irudi nyuma yote, au iendelee kumfuata mpinzani alipo. Pengine jibu linaonekana wazi zaidi katika mchezo mwingine kabisa, yaani mpira wa Kimarekani.

Katika mchezo huo timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikikwama na kurudishwa nyuma, jaribio la mwisho huweza kudai yadi nyingi zaidi, na ikishindwa, mpira hukabidhiwa wapinzani. Walinzi hapo wana faida kubwa, kwani wanaweza kuruhusu pasi fupi bila kudhurika. Kwa sababu hiyo hurundika watu nyuma ili asipite mtu.

Januari 11, 2004, mjini Philadelphia, Green Bay Packers ilikuwa ikiongoza kwa pointi 17 kwa 14, muda ukiwa umesalia dakika moja na ushei. Philadelphia Eagles ilikuwa na jaribio la mwisho na ilihitaji yadi 26, yaani karibu mita 24. Donovan McNabb alirusha mpira katikati ya uwanja, Freddie Mitchell akaudaka na kupata yadi 28. Eagles ilisawazisha, kisha ikashinda 20-17 katika muda wa nyongeza.

Packers ilikuwa na watu nyuma, na ilikuwa na watu mbele. Pengo lilikuwa katikati yao. Hapo ndipo ulipo udhaifu wa ulinzi wa kurudi nyuma: kila safu inapojitenga na nyingine, mpinzani hupata uwanja wa bure, na mpigaji pasi asiyebughudhiwa hupata muda wa kuuona.

Katika soka, gharama ya kurudi nyuma hujitokeza kwa sura nyingine. Timu inayojaza watu katika eneo lake la hatari huziba njia za pasi, lakini hulazimika kuondosha mipira ovyo. Mipira hiyo huzaa kona na mipira ya adhabu, na katika kona wingi wa walinzi si kinga tosha, kwa kuwa mshambuliaji mmoja aliyeachwa huru humaliza kazi.

Taifa Stars iliyaonja machungu hayo Januari 21, 2024, katika Fainali za Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast. Iliongoza dhidi ya Zambia kwa bao la Simon Msuva, na wapinzani wao walikuwa 10 tangu kipindi cha kwanza. Dakika ya 88 Patson Daka alisawazisha kwa kichwa kutokana na kona. Ushindi ule ungekuwa wa kwanza kwa Tanzania katika fainali hizo, na kama matokeo mengine ya kundi yangebaki yaleyale, ungeipeleka hatua ya mtoano.

Hata hivyo, haitakuwa haki kusema kuwa kulinda bao ni kosa. Septemba 25, 2021, Yanga iliifunga Simba 1-0 katika Ngao ya Jamii kwa bao la mapema la Fiston Mayele, ikalilinda hadi filimbi ya mwisho.

Mambo matatu yanahitaji kuzingatiwa. Kwanza, mpiga krosi au pasi ndefu asiachwe atulie na mpira. Pili, safu zirudi pamoja, bila kuacha pengo kati ya viungo na mabeki. Tatu, abaki mshambuliaji mmoja mbele, ili mabeki wa wapinzani wasipande wote, na mpira unaoondoshwa upate mtu wa kuushika.

Somo hili linawagusa wenyeji wa Kigoma kwa karibu. Mashujaa FC, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2023, iliitoa Simba katika Kombe la Shirikisho Aprili 2024 kwa mikwaju ya penalti, hapahapa Lake Tanganyika. Novemba 1 mwaka huohuo, katika uwanja huohuo, iliizuia Simba kwa dakika zote 90, kisha Steven Mukwala akafunga bao pekee katika dakika za nyongeza.

Pointi iliyopotea siku ile ilikuwa moja tu. Lakini kwa klabu isiyo na hazina ya vigogo wa Dar es Salaam, pointi kama hizo ndizo huamua, msimu unapokwisha, nani anabaki Ligi Kuu na nani anashuka.