TUPIME KABLA YA KUSEMA "WOTE" NA "KILA SIKU"

 

Wazazi wetu watukufu, na nyinyi wanafunzi wetu wapenzi, mwaka huu tumeona tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Alikuwako mwanafunzi mmoja wa darasa la Juzuu Amma. Alipochelewa siku moja, tulimsimamisha mbele ya wenzake tukamwambia: "Wewe kila siku unachelewa!" Mtoto akainama, hakujibu. Usiku ule tukafungua daftari la mahudhurio ili tumwandikie baba yake barua. Tukakuta kwamba katika siku 22 za masomo za mwezi ule alichelewa siku 4 tu, nazo zote ni Jumatatu. Hapo ndipo tulipojiuliza swali tulilopaswa kuliuliza mwanzo: Jumatatu kuna nini? Kumbe Jumatatu ni siku ya gulio. Mama yake huenda kuuza mboga, na mtoto hubaki na bibi yake mgonjwa mpaka mama arudi.

Tazameni basi kazi ya neno. Tuliposema "kila siku", tulikuwa tumekwisha hukumu: mtoto ni mvivu, hakuna cha kuuliza tena. Tulipohesabu tukapata "Jumatatu 4", swali likazaliwa, na swali likatuletea ukweli. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake wale wale, kwani kosa tulilitenda mbele yao.

Maneno ya namna hii yamejaa majumbani mwetu. "Hata siku moja hunisaidii." "Watoto wa siku hizi wote hawana adabu." "Hesabu siziwezi kamwe." Mzazi akisema la kwanza, mtoto hujibu, "Mbona juzi nilichota maji?" Hapo ugomvi unakuwa wa maji ya juzi, na vyombo vya leo havijaoshwa. Na mtoto asemaye la tatu amejifungia mlango mwenyewe. Angesema "sijaelewa kugawanya kwa desimali", mwalimu angejua pa kumshika mkono.

Tunayo methali isemayo samaki mmoja akioza, wote wameoza. Inafaa kutuonya tuchague marafiki. Lakini waulizeni mama zenu wanunuavyo samaki: hutazama macho, hufunua matamvua, mmoja mmoja. Hakuna amwagaye kapu zima kwa ajili ya samaki mmoja. Vipi basi tuwamwage watu wa mtaa mzima, au wa kabila zima, kwa kosa la mtu mmoja?

Na dini yetu imetufundisha kutoa haki hii. Surat Al-Asr mnaihifadhi tangu mkiwa wadogo. Inaeleza kwamba binadamu yumo katika hasara, kisha hapo hapo linakuja neno "illa", likawatoa walioamini, wakatenda mema, wakausiana haki na subira. Katika Surat At-Tawba, aya ya 97 inawalaumu mabedui kwa ukali wa ukafiri na unafiki, na aya ya 99 inaeleza kuwa miongoni mwao wapo wanaomwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, ametuonya kwamba mtu asemaye kuwa watu wameangamia, yeye ndiye aliyeangamia zaidi.

Wanavyuoni wetu walishika mwendo huo. Imepokewa kwamba Imam Malik bin Anas, aliyefariki Madina mwaka 179 Hijria (795), aliulizwa maswali 48, na 32 kati yake akajibu kwamba hajui. Hakupungukiwa heshima. Aliyajua mapaka ya elimu yake, na ndiyo maana alichokijibu kiliaminiwa.

Hapa tusieleweke vibaya. Hatusemi kila jambo lina "labda". Mwenyezi Mungu ni Mmoja, sala za faradhi ni 5 kwa siku, na mbili na mbili ni nne. Haya huyasemi kwa "huenda". Wala usijifiche nyuma ya "labda" unapotakiwa kutoa ushahidi wa ulichokiona kwa macho yako. Tunachosema ni kwamba neno zito liwekwe penye yakini, na pasipo na yakini tuseme "baadhi", "mara nyingi", "kwa nilivyoona".

Wanafunzi wetu, jaribuni jambo hili kwa wiki moja. Kila "wote", "kila siku" au "kamwe" inapokujia ulimini, jiulize: Nimehesabu? Nawajua wote? Hakuna hata mmoja aliye kinyume? Kisha sema kile ulichokiona tu. Nanyi wazazi, mkitusikia sisi waalimu tukimwambia mtoto wenu "kila siku", tuulizeni bila ya haya: siku ngapi, na siku gani? Daftari lipo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi za kweli na nyoyo zenye insafu. Amin.