Mtoto Mtulivu Kituoni: Dalili Isiyopaswa Kupuuzwa

Kila asubuhi, wazazi wa Kata ya Utemini katika Manispaa ya Singida, kama wenzao wa miji mingine nchini, huwaacha watoto kwa walezi kabla ya kwenda ofisini, sokoni au kwenye biashara ya alizeti. Mtoto hulia, mzazi huaga haraka, mlango hufungwa. Dakika hizo huonekana kuwa usumbufu wa kawaida, ilhali ndipo mtoto anapojifunza iwapo mtu mzima anaaminika.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (PJT-MMMAM), iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, iliainisha maeneo matano kwa watoto wa miaka 0 hadi 8: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Lishe hupimwa kwa mizani na kuandikwa kwenye kadi ya kliniki. Malezi yenye mwitikio hayana mizani. Pengine ndiyo sababu huzungumzwa kidogo.

Malezi hayo humtaka mlezi aitambue hisia ya mtoto na kuijibu. Anayelia hubembelezwa na kuambiwa lini mama atarudi, na ahadi hiyo iwe ya kweli. Anayempiga mwenzake huzuiwa bila kuaibishwa, kisha huoneshwa namna ya kuomba kichezeo. Mlezi aliyeelemewa na watoto wengi hayawezi hayo. Hutafuta ukimya, na mtoto asiyesumbua husifiwa. Lakini mtoto aliyeacha kucheza ghafla, au aliyeanza tena kujikojolea, huenda anaeleza jambo asilo na maneno ya kulisema. Si lazima liwe ukatili. Hata kuzaliwa kwa mdogo wake hutosha kumbadilisha. Linahitaji tu mtu wa kuliona.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa usajili na usimamizi wa vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Hata hivyo, cheti ukutani hakimbembelezi mtoto. Ni vyema mzazi aulize mlezi mmoja anahudumia watoto wangapi, na mtoto akilia au akikosea hufanywa nini. Jibu la “hapa hawalii” halitoshi. Mwenye shaka aonane na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au apige Huduma ya Simu kwa Mtoto namba 116, bila malipo.