UKAME UNA MACHO

Mara nyingi nimesikia, hata humu darasani, ati ukame ni kipofu: ukija huwapiga tajiri na maskini, mume na mke, bila kubagua. Mimi nakataa katakata. Ukame una macho, tena makali!

Hebu tutazame kwetu Kitui. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, na mnamo Septemba 2021 ukame ukatangazwa kuwa janga la kitaifa. Mito yetu ya mchanga ilipokauka, ni nani walioshuka shimoni na kata mkononi, wakingoja maji yajikusanye? Ni akina mama na binti zao. Mwenye punda alibebesha mitungi minne kwa safari moja. Asiye naye alijitwika mmoja mgongoni. Mwenye mabati na tangi aliyakinga hata yale manyunyu machache. Paa la nyasi lingekinga nini?

Lakini linalonikera zaidi ni la shamba. Akina baba wengi wamo Nairobi na Mombasa wakisaka vibarua (siwalaumu, watoto lazima wale). Anayebaki na jembe ni mama. Yeye ndiye ajuaye udongo unachukuliwa na maji wapi. Ila akitaka kutengeneza matuta, kupanda mtama badala ya mahindi, ama kumuuza fahali kabla hajakonda, huambiwa, "Ngoja mwenyewe arudi." Mwenyewe yupi, jamani? Akirudi, fahali ni mifupa mitupu, na mnunuzi anataja bei ya mbuzi. Mkopo nao mama haupati, kwa kuwa jina kwenye hati ya shamba si lake. Mjane ndiye taabani kabisa: shemeji wakiamua, hata hicho kishamba kikavu hana.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na mila zote zihusuzo ardhi. Vizuri sana. Lakini wazee wakiketi chini ya mti kugawa shamba, ni mara ngapi binti huitwa?

Najua baadhi ya wavulana wataguna. Guneni tu! Likizo ijayo, ninyi na sisi, tuulize nyumbani hati ina jina la nani, na ni nani aliyeamua ng'ombe wa mwisho auzwe lini. Majibu tuyalete chamani muhula ukifunguliwa.