Cheti Pekee Hakimtoshi Msimamizi wa Mitandao

Vijana wengi wanaotaka kazi ya kusimamia mitandao ya kompyuta huanza kwa kutafuta cheti cha kampuni inayotengeneza mitambo. Si kosa, maana waajiri hukidai. Lakini cheti cha CCNA cha kampuni ya Cisco, kwa mfano, huisha muda wake baada ya miaka 3, na amri zilizokaririwa kwa ajili ya mtihani hubadilika pamoja na mitambo. Misingi hudumu zaidi. Kanuni za TCP/IP, zilizoanza kutumika rasmi katika mtandao wa ARPANET wa Marekani tarehe 1 Januari, 1983, ndizo zinazoongoza intaneti hata leo.

Tarehe 12 Mei, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Siku kama hiyo msimamizi hana budi kutambua hitilafu ilipo: katika waya wa ofisini, katika ruta, au mbali huko baharini. Aliyekariri amri atazima mitambo na kuiwasha tena (dawa ya wengi). Anayeelewa jinsi anwani na njia za data zinavyopangwa atapima hatua kwa hatua, kisha atayapitisha mawasiliano muhimu katika njia iliyosalia, iwapo ofisi ilikuwa na busara ya kulipia njia ya pili.

Yafaa basi vyuo vianze na hesabu za kizio 2, ambazo ndizo zinazotumika kugawanya anwani, kabla ya kufundisha amri. Kompyuta kuukuu mbili, swichi na waya vyatosha: mwanafunzi auvuruge mtandao kwa makusudi, atafute kosa, na aandike alichokiona. Daftari hilo mwajiri alisome pamoja na cheti.